Mwatiko Wanaokonda: Uchambuzi wa Kisa cha Mabwawa Matatu Pemba

Siku niliyofika bwawani mara ya kwanza hapakuwa na samaki hata mmoja aliyekufa, na hilo ndilo lililotupotezea miezi. Maradhi ya kasi hayafichiki. Watu huamka alfajiri wakakuta matumbo meupe yameelea, na kabla jua halijapanda kila mtu keshafika na beseni lake. Hapa maji yalikuwa na ile rangi ya chai inayotoka kwenye mikandaa, kaa wadogo wakipanda na kushuka tuta, na mwatiko wakizunguka karibu na lango kama kawaida yao. Ila walikuwa wamekonda. Kichwa kikubwa, mgongo mkali kama kisu, tumbo limeingia ndani.

Kisa kimetokea Pemba, upande wa mashariki, kwenye hori, mkono mwembamba wa bahari, lililozungukwa na mikoko. Wenyewe wameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba nisitaje shehia wala jina la mtu, na sharti hilo ni la haki. Bado wanauza samaki, na soko lina masikio.

Mabwawa ni matatu, yamepangana kando ya hori moja. La kwanza na la pili ni ya kikundi, wengi wao wanawake waliokuwa wakilima mwani. Kilimo hicho kilianza kwa biashara hapa visiwani mwaka 1989, na kwa miaka mingi ndicho kilichosomesha watoto wao, mpaka maji ya pwani yalipozidi joto na ule mwani mnene wenye bei nzuri ukawa unaoza kwenye kamba. Bwawa la pili lilichimbwa kwa akiba ya mwani. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila kulijua huwezi kuelewa ugumu wa uamuzi tuliokuja kuufanya. Bwawa la tatu ni la familia jirani: baba, mke na watoto wao wakubwa wawili.

Yote matatu hujazwa kwa maji ya bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida. Lango linafunguliwa, maji yanaingia yenyewe, lango linafungwa, kisha mtu anasubiri bamvua jingine. Katikati, siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, bwawa halipati tone jipya kutoka baharini; linapata moto, na usiku hewa ndani ya maji hupungua. Vifaranga wa mabwawa yote walivuliwa msimu mmoja, kwenye vidimbwi vilevile vya mikokoni, na vijana walewale. Ukweli huo ulikuja kutufaa sana baadaye.

Katibu wa kikundi aliniambia kwamba mwezi wa nane wa ufugaji, wakati walitegemea samaki wa kutosha sahani, waliovuliwa walikuwa nusu ya hapo. Wengine walikuwa na madoa mekundu ubavuni, magamba yamebanduka, na wachache jicho moja limetoka nje. Kila wiki walikuwa wakiokota wawili watatu, si zaidi, na ndege wakichukua wengine. Kwa hiyo hesabu ya vifo haikumshtua mtu. Kikundi kilisema ni njaa, kikaongeza chakula.

Mimi nilisema ni maji. Nilipima chumvi, nikapima joto saa saba mchana na tena alfajiri, nikakuta bwawa limechoka kama mabwawa mengi ya Pemba yanavyochoka siku za maji mafu. Nikawashauri wapunguze idadi ya samaki, wachimbe lango liingie chini zaidi, wakae macho bamvua. Ushauri haukuwa mbaya, lakini haukuwa jibu. Sikumpasua samaki hata mmoja siku ile. Nimekuwa nikifanya kazi hii miaka mingi na najua kwamba samaki aliyekonda hajieleweshi mpaka afunguliwe, nami nikaondoka na daftari la joto na chumvi.

Niliporudi, baada ya wiki sita hivi, sikuitwa kwa ajili ya samaki. Niliitwa kula. Kulikuwa na khitma, na mama mmoja wa kikundi aliyekuwa akigawa chakula alinipa sahani kwa mkono wa kushoto huku akiomba radhi. Nikamuuliza, mama, mkono una nini?

Akaufunua. Kwenye kifundo cha kidole cha shahada palikuwa na uvimbe wa zambarau, mkubwa kama ukwaju mmoja, umepasuka katikati na kukauka magamba. Kutoka hapo, mgongoni mwa kiganja, uvimbe wa pili. Juu ya kifundo cha mkono, wa tatu. Na chini ya kiwiko kulikuwa na wa nne, mdogo, bado uko ndani ya ngozi. Ulifuata mstari mmoja, kama shanga zilizotungwa kwa uzi usioonekana.

"Hakiumi, mwanangu," aliniambia. "Ndo kinachonitia hofu. Jipu linauma."

Alikuwa ameshakwenda kituo cha afya mara tatu. Alipewa dawa za jipu, akamaliza. Akapewa nyingine, akamaliza. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, majibu yakawa hana kifua kikuu, na kweli hakuwa nacho. Nikamuuliza kama alijichoma popote. Akafikiri, kisha akasema ndiyo, siku chache baada ya Maulidi tasi alimchoma kidole hichohicho, akalia kama mtoto, wakamtia mkono kwenye maji ya moto. Tasi ana miba yenye sumu. Kila mwenye dema, mtego wa samaki, anamjua kwa maumivu yake, na maumivu hayo ndiyo yaliyomfanya akumbuke tarehe. Kati ya kuchomwa na uvimbe wa kwanza zilipita kama wiki nne.

Tasi alitoka wapi, niliuliza, kwa sababu kikundi hakivui tasi. Akanitazama kama niliyeuliza jua linatoka wapi. "Kwenye chakula cha samaki."

Hapo ndipo kisa kilipogeuka.

Mwatiko hana meno. Chakula chake cha asili ni ule utando wa kijani na kahawia unaoota chini ya bwawa pamoja na vijidudu vilivyomo, na wafugaji wetu humwongezea pumba za mpunga na machicha ya nazi. Kikundi nacho kilianza hivyo. Lakini mwaka uliotangulia, mmoja wao alipata habari kwamba protini ndiyo inayokuza, jambo ambalo ni kweli, na protini rahisi kuliko zote ilikuwa dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki: vichwa, matumbo, mapezi na samaki waliovunda, vyote vya bure. Kila asubuhi waliokota ndoo mbili. Wanawake wawili walitwanga vitu hivyo vibichi kwenye kinu pamoja na pumba, wakafinyanga matonge, wakayaanika kidogo yashikane, kisha bwawani. Mama huyu alikuwa mmoja wa wawili hao. Walipoona samaki wanakonda wakaongeza ndoo ya tatu.

Tuliwapasua mwatiko kumi na wawili siku iliyofuata, chini ya mti mkubwa wa mchu, juu ya meza ya mbao iliyotandikwa mkeka wa plastiki. Nilivaa glavu mbili mbili na nikakataza mtu yeyote kugusa kwa mkono mtupu, kwanza yule mama. Samaki wa kwanza nilimkata kutoka tunduni hadi chini ya taya. Nyama ilikuwa safi kwa macho, nyembamba tu. Ini limepauka. Nilipovuta utumbo pembeni, wengu ulionekana, na mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema, "Lahaula." Wengu wa samaki mzima ni mwekundu wa giza, laini, unang'aa. Huu ulikuwa umejaa punje za kijivu na nyeupe, kama mtu aliyetia chenga za mchele ndani ya damu iliyoganda. Nilipoupitisha ukucha wa kisu ulikwaruza. Figo, zile zinazolala kama utepe chini ya uti wa mgongo, zilikuwa hivyohivyo na zimevimba. Katika wale kumi na wawili, tisa walikuwa na punje. Kati ya hao tisa, wanne hawakuwa na kidonda chochote nje.

Nilimaliza kupasua nikiwa na majina manne kichwani. Punje za namna hii mwilini mwa samaki huweza kutokana na maikobakteria, bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, au bakteria wengine waitwao nokadia na fransisela, au mdudu wa kimelea aliyejifungia ndani ya nyama. Kwa macho hazitofautiki. Zinatofautika kwa rangi.

Hapa nilipata msaada ambao watu wengi hawaufikirii. Pembe nyingi za nchi hii zina maabara ya makohozi, na nyingi ya maabara hizo zina rangi ya Ziehl-Neelsen, njia iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1880 na bado haijastaafu. Kijana wa maabara ninayemfahamu alikubali kunipakia vioo vitano baada ya saa za kazi. Alilisugua figo kwenye kioo, akamwagia fuksini nyekundu, akapitisha moto chini yake mpaka mvuke ukatoka, akaacha, akaosha kwa asidi iliyochanganywa na spiriti, kisha akamalizia na rangi ya buluu. Bakteria wa kawaida asidi huwavua ule wekundu, wanabaki buluu. Maikobakteria wana ganda la nta. Fuksini ikishaingia kwa moto, asidi haiwezi kuitoa.

Alitazama kwanza yeye. Akanyamaza. Kisha akasogea pembeni aniachie hadubini. Uwanja wote wa buluu ulikuwa umetawanyika vijiti vyekundu, vifupi, vingine vimekusanyika mafungu mafungu kama viberiti vilivyomwagika. Havikuwa na matawi. Nokadia ina nyuzi zenye matawi na wekundu wake hushika nusu nusu. Fransisela isingeshika kabisa. "Kama hiki kingekuwa kioo cha mgonjwa," kijana aliniambia, "ningempigia daktari simu sasa hivi."

Vipande vya figo vilipelekwa maabara ya mifugo bara. Juu ya kifurushi niliandika kwa herufi kubwa: oteshwe kwa nyuzi 30, si 37. Haya si mambo madogo. Maabara ya binadamu huotesha vijidudu kwa joto la mwili wa mtu, na kijidudu cha samaki hakilipendi joto hilo. Sampuli ikiwekwa nyuzi 37 peke yake, inaweza kukaa wiki nyingi bila kuonyesha kitu, na jibu likarudi kwamba hakuna maradhi. Wiki ya tatu nikaandikiwa kwamba vimeota, rangi ya krimu gizani, na vilipoachwa kwenye mwanga vikageuka manjano. Hiyo ni tabia mojawapo inayomtambulisha Mycobacterium marinum. Kipimo cha vinasaba kikathibitisha.

Jina hilo lina umri. Maradhi ya aina hii katika samaki yaliandikwa kwanza Ufaransa mwaka 1897, kwa samaki wa maji baridi aitwaye kapu, na marinum mwenyewe alitambuliwa na Aronson mwaka 1926 kutoka kwa samaki wa baharini waliokufa kwenye hifadhi ya samaki ya Philadelphia, Marekani. Tangu hapo maikobakteria wamekutwa katika zaidi ya aina 150 za samaki, wa maji chumvi na maji baridi. Kwa hiyo kuwakuta kwenye mwatiko wa Pemba si muujiza. Swali lililonikosesha usingizi lilikuwa jingine: kwa nini bwawa la kwanza na la pili, na si la tatu?

Bwawa la tatu linanywa hori lilelile. Vifaranga ni walewale. Tuliwapasua samaki kumi wa familia ile, na baba mwenye bwawa akishika taa ya simu nione vizuri, hatukukuta punje hata kwenye mmoja. Nikauliza wanalisha nini. Pumba, machicha, na unga wa dagaa unaobaki chini ya magunia. Na dagaa wetu wa kuuza, kama kila mtu anavyojua, huchemshwa kwanza. Vinatiwa kwenye maji ya chumvi yanayotokota, vinaopolewa, ndipo vinaanikwa. Familia haikuchemsha kwa kuogopa maradhi. Ilinunua tu vumbi la dagaa aliyekwisha pikwa na wengine. Sufuria la mchemsha dagaa lilikuwa limewalinda bila wao kujua.

Ni kweli kwamba bwawa la tatu pia lilikuwa na samaki wachache zaidi kwa ukubwa wake, na samaki waliobanana huambukizana upesi na mwili wao hupigana vibaya. Sitaki kuuficha ukweli huo ili hoja yangu ing'ae. Lakini wingi wa samaki haubuni kijidudu. Unakieneza kikishafika, na hapa kilifika kila asubuhi kwa ndoo.

Jambo hili limeshawahi kutokea, mbali kabisa na hapa, kwa samaki ambaye Pemba tunamjua kwa jina tu. Samoni wa bahari ya Pasifiki huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga na kufa. Kwenye bonde la mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani, vituo vya kutotoa vifaranga vilikuwa vikiwakamata samoni hao wanaporudi, vinawakamua mayai, kisha mizoga na matumbo yao vinasagwa na kuwalisha vifaranga, mabichi. Ilikuwa busara ya mkulima asiyetupa kitu. Katika miaka ya 1950 watafiti wakaanza kukuta samoni wazima wanaorudi kutoka baharini wana punje kwenye figo na wengu, na vijiti vyekundu kwenye vioo. Mwaka 1960 mtafiti aitwaye Ross alimpa kijidudu cha huko jina Mycobacterium salmoniphilum, yaani mpenda samoni. Mzunguko ulikuwa umefungwa: mzazi mgonjwa alimlisha mtoto, mtoto akaenda baharini na maradhi yake, akarudi kuwalisha wajao. Vituo vilipoanza kupasha chakula hicho moto kabla ya kulisha, maradhi yakaporomoka.

Niliwasimulia kikundi habari hii kwenye banda la makuti, na ndiyo iliyowaingia kuliko hadubini yangu yote. Katibu alisema, "Kumbe tulikuwa tunawalisha maiti zao." Sikumrekebisha, ingawa tasi si mwatiko. Maana aliipata.

Lakini moto hauufungi kila mlango, na niliwaambia hivyo. Samoni wa Atlantiki wanaofugwa Norway siku hizi hula punje za kiwandani zilizopikwa kwa joto na mvuke, na bado maikobakteria wamewapata. Wamewahi kuwapata wa visiwa vya Shetland pia. Kijidudu hiki kinaishi majini, kwenye matope, kwenye ule utando wa utelezi juu ya mawe na nyavu. Kinachobadilika ni wingi wake. Kuna tofauti kubwa kati ya bwawa linalokutana nacho kwa bahati mbaya na bwawa linalotiwa ndoo tatu kila siku.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi kwa sababu habari yenyewe ni fupi. Hakuna dawa ya kulitibu bwawa. Ganda lile la nta linalozuia asidi huzuia na dawa nyingi. Zinazoweza hutakiwa kwa miezi, na kumwagia dawa za binadamu kwenye maji ya hori ni kosa ambalo watoto wetu wangelilipa. Samaki wote wa mabwawa mawili ilibidi watoke.

Watoke waende wapi? Hapa tulibishana siku mbili, na sioni aibu kusema kwamba waliobishana nami walikuwa na hoja. Mwenyekiti, mzee mtaratibu sana, aliniuliza, "Daktari, huyu samaki akipikwa, kijidudu kinakufa au hakifi?" Nikajibu kinakufa, babu. "Basi tuwauze wale wasio na vidonda." Nyama ile haina sumu, na mtu haambukizwi kijidudu hiki kwa kula samaki aliyeiva. Sheria ya njaa ilikuwa upande wake, na deni la chandarua na lango lilikuwa bado halijalipwa.

Nilikataa kwa sababu ya mikono. Samaki hafiki chunguni mwenyewe. Anaparwa magamba, anatumbuliwa, anaoshwa, na mara nyingi anayefanya hivyo ni mwanamke au binti mwenye mkwaruzo ambao hata haujui. Wanne kati ya tisa hawakuwa na alama ya nje. Tungewachagua kwa macho gani? Mama mwenye uvimbe alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, hajasema neno tangu asubuhi. Akanyanyua mkono wake, akaushusha. Mzee akasema, "Basi. Zikeni."

Shimo lilichimbwa juu ya mstari wa maji ya bamvua, mbali na kisima, refu kwa kifua cha mtu. Walivuliwa wote kwa juya dogo, bwawa likakaushwa. Chokaa ilitiwa chini, samaki, chokaa tena, udongo. Chokaa ilikuwa yetu, ya mawe yaliyochomwa kwenye tanuu, haijazimwa, na ilipogusana na samaki wabichi ilitoa joto na mvuke. Baadhi ya wanawake walilia. Nilisimama nao mpaka mwisho. Mtu anayeamuru shimo asiondoke kabla halijafukiwa.

Mabwawa yaliachwa wazi kiangazi chote, matope yakapasuka vipande mpaka mguu hauzami tena, wakatifua, wakatia chokaa, wakaacha jua likamilishe. Juya, ndoo na makapu yalikuwa na mjadala wake. Wengi hukimbilia dawa ya klorini ya kufulia, lakini maikobakteria huivumilia klorini ya kawaida kuliko bakteria wengine. Inahitaji kuwa kali sana na kukaa muda. Spiriti ya asilimia 70 inawaua haraka. Vifaa vidogo, visu na meza vikapanguswa kwa spiriti. Kinu kilichomwa moto. Hakuna njia nyingine ya kusafisha mti ulionywa damu ya samaki mwaka mzima.

Sasa nirudi kwa mama. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa daktari wa hospitali: kazi yake, tarehe ya mwiba wa tasi, mstari wa uvimbe, vioo vya samaki, na jina la kijidudu. Kwa ngozi ya mtu vijiti ni vichache mno, mara nyingi havionekani kwenye kioo hata mgonjwa akiwa nao, na GeneXpert inatafuta kijidudu cha kifua kikuu cha binadamu, si hiki. Ndiyo maana majibu yake yote yalikuwa safi na mkono unaendelea kuoza. Habari iliyokosekana hospitalini ilikuwa bwawani. Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi, akakiotesha kwa nyuzi 30, na bila kusubiri akamwanzishia dawa za klarithromaisini na ethambutoli, akamwambia ajiandae kwa miezi, si wiki. Kijidudu hiki hupenda ubaridi wa vidole na viganja; kifuani kwa mtu mwenye afya joto linakizidi. Hakimwendei mtu kutoka kwa mtu. Mama aliambiwa hayo mbele ya mumewe na binti zake, na nilifurahi mno kwamba daktari aliona umuhimu wa kuwaita.

Maana kulikuwa na maumivu mengine. Wiki ile ya vioo, neno "TB" lilitoka maabara likafika dikoni kabla yangu. Siku tatu hakuna aliyenunua mwatiko wa mtu yeyote, hata wa bwawa la tatu. Jirani mmoja aliacha kunywa chai kwa mama yule, na mjukuu akaambiwa asilale naye. Tangu hapo sitamki "TB ya samaki", na nawaomba maofisa wenzangu wasilitamke. Wataalamu hulitumia kwa sababu vijidudu ni wa ukoo mmoja, lakini ndugu wa ukoo mmoja hawana tabia moja. Sisi sasa tunasema "maradhi ya punje". Mtu akisikia anajua atazame wapi: ndani, kwenye wengu. Sheha alitusaidia kulisema msikitini na kwenye vikao, na bei ya bwawa la tatu ikarudi.

Kikundi kina sufuria sasa, la pipa lililokatwa, juu ya mafiga matatu nyuma ya banda. Mabaki ya samaki yasiyo dagaa hayaingii bwawani bila kutokota mpaka nyama iachane na mfupa, na kuni ni gharama, kwa hiyo mara nyingi wanaona ni rahisi zaidi kununua vumbi la dagaa kama jirani yao. Wanaotwanga huvaa glavu nene za mpira, zile za kufulia. Mwenye kidonda haingii bwawani mpaka kikauke. Idadi ya vifaranga imepunguzwa, na kila mwezi wanampasua samaki mwembamba kuliko wote, badala ya kumpa paka.

Mama alimaliza dawa mwezi wa tano wa matibabu. Uvimbe umelala, umeacha makovu manne meusi kwenye mstari, na kidole cha shahada hakikunjiki chote. Akisali, kinabaki kimenyooka kidogo kuliko vingine.

Mara ya mwisho nilipokwenda, vifaranga wapya wa bwawa la pili walikuwa na miezi mitano. Nilimfungua mmoja pale pale chini ya mchu, kikundi kizima kimesimama duara. Wengu ulikuwa mwekundu wa giza, laini, hauna punje. Nikaukata katikati, nikauonyesha. Mama yule akanisogezea beseni kwa mkono wenye glavu.

"Mkate na wa pili, mwanangu."

Tukawapasua wanane.